Mama Aliyetaka Kuuona Mlango

Juzi, katika kiwanda kimoja cha kahawa hapa Bukoba, niliwakuta wafanyakazi wakitia saini mkataba wa usalama kazini. Mama mmoja mchambuaji wa kahawa, mwenyeji wa Kishanda, alishika kalamu, kisha akaiweka mezani.

"Ndugu Meneja, hapa mmeandika tuna mlango wa dharura. Naomba tukauone."

Tukaenda. Mlango ulikuwa na kufuli, na magunia yameuziba.

"Tunazuia wizi," meneja alieleza.

"Na moto ukizuka, tutauomba usubiri?"

Meneja alicheka kwa aibu, akavua koti, akashika gunia la kwanza. Tulisaidiana sote, kisha meneja akafungua kufuli, mlango ukafunguka na upepo wa ziwani ukaingia. Ndipo mama akatia saini, herufi moja moja, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Nimeona mikataba mingi, ila huu ndio wa kwanza kutekelezwa kabla ya kusainiwa.