Dawa ya Mama Mdogo

Dukani watu humsikiliza. Mfamasia akisema kidonge kimezwe baada ya kula, hata mteja mkaidi wa kutupwa huitikia kwa adabu na kwenda zake. Kwa mama yake mzazi, sasa, ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mchana huo alimkuta amejipakulia mlima wa mboga za majani.

"Mama! Si tulikubaliana uzile kwa kiasi kilekile?"

"Hiyo ilikuwa kwa ile warfarini. Tangu juzi natumia dawa ya mdogo wangu. Kidonge kimoja na chakula, basi. Hakuna cha kupimwa damu wala nini."

Mfamasia akavuta kiti, akakaa. Ndugu hawa wawili wameazimana kila kitu tangu utotoni, viatu, miwani, hata siri. Leo wamefika kwenye dawa!

"Kwani zote si za kuzuia damu isigande?"

"Zote, ndiyo! Lakini warfarini inakwenda polepole, inapigana na vitamini iliyo kwenye majani hayo, ndiyo maana tunapima na kurekebisha dozi. Ya mama mdogo inashika upesi, dozi yake haiyumbi, na kwa mapigo yake ya moyo yanayorukaruka inamfaa. Wewe una vali ya chuma moyoni, mama! Kwenye vali ya chuma dawa ile haikulindi. Damu ikiganda pale, donge likapanda kichwani, tutakukosa."

"Mbona unanifokea kama mtoto?"

"Mtoto angesikia!"

Akampigia simu daktari wa moyo, akaambiwa amlete sasa hivi na dawa zote mbili, na asimeze kitu kingine kwanza. Akainama kutafuta viatu uvunguni. Akapata kimoja cha mama na kimoja cha mama mdogo. Alitamani kulia kwa hasira.

"Ila mama, kwa nini hukuniuliza? Hii si ndiyo kazi yangu?"

Mama alikuwa anafunga kitambaa kichwani, taratibu kama mtu asiye na safari.

"Ningekuuliza vipi, mwanangu? Kila siku ya kunipeleka kupima unafunga duka huku unasonya. Nikaona nikupunguzie mzigo."

Mfamasia alikuwa ameshaukunja mdomo asonye. Akauachia, akapiga magoti, akaanza kumvalisha mama yake viatu visivyofanana.