Fundi Aliyetaka Redio ya Mama Mkubwa Itupwe

MAMA MKUBWA KALISIKIA GITAA LA MUMEWE! Kalisikia, jamani! Kaweka kiganja juu ya sabufa, kafumba macho, akasema, "Huyo hapo. Kidole chake kizito hicho." Nikalia kama mtoto wa chekechea.

Ila ngoja niwaeleze, maana mpaka sasa damu inanichemka.

Mama mkubwa ni fundi cherehani, pini mdomoni, futi shingoni. Masikio yamechoka: sauti nyembamba zinampita, nzito anazinasa. Ukimpigia kelele anakwambia, "Shusha sauti, mwanangu, usiipandishe!"

Marehemu baba mkubwa alikuwa anapiga gitaa la besi kwenye bendi. Imebaki kaseti moja tu, na hapo nyumbani inachezwa na redio yao kubwa ya zamani, ambayo spika zake hazitoi besi ya maana. Ndiyo maana kaka, mwanawe wa kwanza, akaleta sabufa. Na fundi.

Huyo fundi sasa! Miwani ya jua ndani ya nyumba! Akachungulia nyuma ya redio, "Haina tundu la sabufa hii." Akachomeka waya kwenye tundu la hedifoni. Sabufa ikanguruma, spika zote mbili kimya.

"Hilo ni lori," mama mkubwa akasema. "Mume wangu yuko wapi?"

"Mama, redio imekufa," fundi akasema. "Tupa, nunua ya kisasa."

Imekufa nini? Kwenye redio ile ukichomeka hedifoni spika zinakatika, ndiyo kazi ya hilo tundu!

"Na kaseti yangu?"

"Kaseti nani anasikiliza siku hizi, bibi?"

Bibi! Na kaka naye, bila aibu, akaanza kung'oa nyaya aipeleke jalalani. Kaseti ya baba yake imo ndani!

Mama mkubwa akasimama mbele ya redio na mkasi wake wa vitambaa. "Atakayeigusa tena namshona mdomo." Fundi akakumbuka ana kazi sehemu nyingine.

Mimi nikaigeuza sabufa. Nyuma ina sehemu ya kubana nyaya za spika zinazotoka kwenye redio, imeandikwa kabisa! Hakuna aliyeangalia! Tukazima redio, tukachomoa ule waya wa hedifoni. Mama mkubwa akamenya nyaya mpya, tukazibana palepale zinapotokea za spika, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, mpaka kwenye sabufa. Spika zikabaki kazini. Tukawasha, akazungusha kitufe cha sabufa taratibu, lori likageuka gitaa.

Kaka akakaa chini sakafuni. "Mama, rudisha mwanzo."

"Kwanza iombe radhi redio ya baba yako."

Akaiomba, tena kwa sauti nzito ili mama yake asikie.

Tafadhali mtumie mtu yeyote aliyeambiwa redio yake ya zamani haifungwi sabufa. Aangalie nyuma ya sabufa kabla hajaitupa redio.