Begi Linalopumua

Dada yangu hupima joto kwa jicho. Simaanishi kwa kutazama. Anachukua yai, anafumba jicho la kushoto, analigusisha yai kwenye kope, anatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, halafu anasema, "Limezidi," au, "Liko sawa." Kipimajoto anacho, kinaning'inia ndani ya mashine yake ya kuangulia vifaranga, na siku kikipishana na kope yake, kinachorekebishwa ni kipimajoto. Hata uji wa wanangu aliupima hivyo walipokuwa wachanga, kikombe kwenye jicho, mke wangu akimtazama kwa wasiwasi. Mtaani wanamwita Kope, na anaitika.

Mimi ni mdogo wake, fundi pikipiki. Niseme mapema kwamba sipendi kufundishwa mambo ya pikipiki na mtu yeyote. Dada yangu, ambaye pikipiki yake naitengeneza mimi, bure, hajawahi kuacha kunifundisha.

Kazi ya kuangulia ameirithi kwa mama. Mama alifuga kuku wa rangi ya majivu wenye vishungi, na sijawaona wengine kama wale mahali popote. Watu walikuja kutoka mbali kuomba mbegu. Alikuwa na namna yake ya kuwaita, mlio mzito wa kooni ukikatwakatwa na ulimi, na kuku wakiusikia waliacha hata punje iliyokwishaingia mdomoni wakamfuata. Alipofariki, kuku wakabaki kwa dada. Kisha kikaja kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku. Wiki haikuisha, banda likawa tupu. Siku ya msiba wa mama sikumwona dada akilia, alikuwa anahangaika na wageni. Alilia siku aliyofagia lile banda.

Sasa, kulikuwa na bibi mmoja wa kule mlimani ambaye mama alimgawia mayai zamani. Aliposikia yaliyotupata alituma salamu kwamba kwake bado yuko tetea mmoja wa mbegu ile, na anaatamia. Dada alihesabu hao vifaranga kabla hawajatoka, akaweka taa mpya kwenye mashine, akapaka banda chokaa. Asubuhi moja simu ikalia. Kicheche alikuwa ameingia usiku. Tetea hayupo tena. Mayai yalibakiza kidogo tu yaanguliwe, na bibi alikuwa ameyaingiza kitandani kwake, ndani ya sweta.

"Twende," dada akaniambia, akiwa ameshavaa helmeti. "Lakini kwanza nahitaji begi la tangi."

Hapo nilikubaliana naye, jambo la nadra. Kule nyuma kwenye keria mayai yangerushwa kila shimo. Mgongoni yangepigwa na upepo. Pikipiki ina mahali pamoja tu palipotulia, napo ni juu ya tangi la mafuta, katikati ya mikono ya dereva, joto la injini likipanda taratibu kutoka chini. Nikampeleka kwenye duka la vifaa nililozoea, ambako muuzaji, mwanamume mnene mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, hunipokea kama ndugu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye begi nililolitamani mwenyewe tangu siku nyingi. Jeusi, gumu, lina sumaku chini, ukiliweka tu linanata kwenye chuma, na juu lina kioo cha plastiki cha kuwekea simu. "Hili ndilo," nikasema. "Mvua inyeshe itakavyo, halipitishi tone."

"Na hewa?" dada akauliza.

"Hewa ya nini? Si mayai?"

"Mayai yanapumua."

Nikacheka. Muuzaji naye akacheka, kwa heshima. Dada hakucheka. Alifungua zipu ya lile begi, akaifunga, akaliminya lote kwa mikono miwili, likabaki limevimba vilevile. "Ganda lina vitundu vidogo," alisema, "ndipo hewa inapoingilia. Na hawa wamekaribia kutoka. Kifaranga saa hizi ameshatoboa utando wa ndani, anavuta pumzi kabisa, kama wewe. Ukimtia humu ni sawa na kumfungia mtu ndani ya friji."

Muuzaji aliteremsha miwani akanitazama. "Miaka yote nakula mayai," akasema polepole.

Basi dada akatufanyia kituko. Aliomba mabegi mengine yote yatolewe nje, nikawasha pikipiki yake, akawa anaweka begi juu ya tangi, anasubiri, kisha anainamisha uso mzima ndani yake mpaka jicho liguse sakafu ya begi. Mwanamke mtu mzima, kajilaza juu ya pikipiki inayonguruma, kichwa ndani ya mfuko. Watu wakaanza kusimama. La nailoni nyembamba alilitupa pembeni: "Hili litawachemsha." Lingine chini lilikuwa gumu kama sahani: "Hili litawagonganisha." Nami presha inapanda, mayai yanapoa kule mlimani.

"Kwa hiyo leo tunachagua begi kwa jicho lililofumbwa," nikasema kwa sauti, watu wasikie. Walicheka vizuri tu. Yeye kichwa chake kilikuwa bado ndani.

Alilolichagua lilikuwa dirishani, turubai la kijani lililopaushwa na jua, ubavuni lina wavu, chini lina sponji nene, juu lina zipu, na linafungwa kwenye tangi kwa mikanda. Sura yake ilitia huruma. Alikunja taulo akalitandika ndani, akaweka jicho, akatulia muda mrefu kuliko kwa yale mengine. "Liko sawa," akasema. Nilifunga ile mikanda mwenyewe, nikaivuta nikitafuta kosa, na kusema kweli lilikaa pale kama lilizaliwa na tangi lile.

Bibi wa mlimani hakuja mlangoni. Tulibisha, sauti ikatoka chumbani ikituambia tuingie.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnisamehe, siwezi kuinuka. Nimeatamia."

Alikuwa amelala ubavu, magoti ameyakunja, sweta la kahawia limekumbatiwa tumboni. Chai aliyoletewa na jirani ilikuwa imepoa kwenye stuli bila kuguswa, kwa sababu aliogopa kunyoosha mkono. Nilisimama pale na helmeti yangu kifuani. Nimeona watu wakijivunia kulinda magari, nyumba, maduka. Sijaona mtu akilinda kitu kama vile.

Dada alipiga magoti kando ya kitanda. Yai moja moja alilitoa ndani ya sweta akaligusisha kwenye kope, na kila alipolishusha uso wake ulizidi kufifia.

"Yamekufa?" nikamuuliza.

"Yamepoa. Sijasema yamekufa."

Aliyapanga kwenye taulo, akafunga zipu, tukaagana na bibi, ambaye bado alikuwa amelala vilevile kama vile mwili umesahau kwamba kazi imekwisha. Tukaanza kuteremka. Dada mbele kwenye pikipiki yake, mimi nyuma kwenye yangu, mwendo wa kobe. Tulipofika nusu ya mteremko aliegesha kando ya barabara akazima injini. Nikajua ni klachi, nilishamwonya kuhusu ile klachi. Nikashuka na spana mkononi.

"Siwasikii," akasema.

"Nani?"

"Vifaranga. Wakifikia siku hizi huwa wanalia humohumo ndani ya mayai. Tangu kwa bibi sijasikia hata mmoja."

Nilitaka kumwambia ni kelele za injini, ni upepo, ni helmeti. Alivua helmeti, akafungua zipu kidogo, akainamisha mdomo kwenye ule upenyo. Halafu akaita.

Alikuwa mama. Sina namna nyingine ya kueleza. Mlio ule mzito wa kooni, unakatwakatwa na ulimi, ambao sikuusikia tangu tulipomzika na sikujua kama dada anaujua. Nywele zilinisimama mpaka mgongoni. Nikageuka kutazama barabara, kweli nikageuka, kama mjinga.

Kimya. Lori likapita na vumbi lake. Akaita tena, taratibu zaidi.

Ndipo nikaona mabega yake yanasimama. Alinyoosha mkono bila kunitazama, akanishika kisogo kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mtoto wa kunawishwa uso, akalilaza sikio langu kwenye wavu wa begi. Mwanzo nilisikia moyo wangu tu. Kisha kitu chembamba sana, kama kidole kinachopitishwa kwenye glasi yenye maji. Kikanyamaza. Dada akaita, kikajibu. Kikajibu na kingine, cha upande wa pili. Viumbe ambavyo havijaona mwanga, vimefungiwa gandani, havina mama wala havijui kuna dunia, vilikuwa vinamjibu mama yangu.

Sijui nilikaa vile muda gani. Nilipoinua kichwa uso ulikuwa umelowa, na wa dada ulikuwa umelowa. Alitoa yai moja, akafumba jicho, akaligusisha kwenye kope.

"Linapanda joto," akasema. Akalirudisha, akafunga zipu. "Pita mbele wewe. Unionyeshe mashimo."

Nikapita mbele. Mimi ninayejulikana mjini kwa haraka na kwa mdomo, niliteremka mlima ule kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, namnyooshea dada mguu kulia na kushoto kila palipokuwa na shimo. Magari yalijipanga nyuma yetu yakitupigia honi. Sikumtukana mtu hata mmoja.