Kofia ya Chini

Saluni ya mama pale Yeoville, mtaa wetu wa ugenini, ilinuka dawa ya kulainisha nywele, na humo ndimo nilimovalishwa kippa, kofia ndogo ya Kiyahudi, kila asubuhi kabla ya shule. Ndiyo, sisi ni Wayahudi, na ni Wakongo wa Lubumbashi, na sina haja ya kumthibitishia mtu. Kichwa changu kilinyolewa, hakukuwa na nywele za kushika kibanio, basi mama alinishonea kippa yenye kina, ikakaa yenyewe. Juu yake baba alitaka nivae kapelo ya shule. Mwenyewe alikuwa mlinzi wa duka, na kippa yake aliificha chini ya kapelo ya kampuni. "Kichwa kimefunikwa, Mungu ameona," alisema. "Tayari wanatuita makwerekwere, wageni wasiotakiwa. Unataka waongeze nini? Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Nilikuwa na miaka tisa, na methali hiyo niliichukia. Darasani kapelo hazikuruhusiwa, kwa hiyo nilizivua zote mbili kwa pamoja na kuzitia mkobani, nikakaa kichwa wazi kutwa nzima kama mtu aliyeiba. Asubuhi moja ya baridi nikavua ya juu tu. Darasa likacheka. Mwalimu akasema nivue na hiyo, au nitoke. Nikatoka. Siku tatu nilikaa barazani nikifanya hesabu magotini, vidole vimekufa ganzi, wanafunzi wakubwa wakipita wananipiga makofi ya kisogo. Nitasema sikulia? Nililia sana. Lakini sikuivua.

Siku ya nne baba aliitwa kwa mwalimu mkuu, akaja na sare yake ya kazi. Nilijua amekuja kuniombea msamaha. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole kwamba mtoto avue, au atafutiwe shule nyingine. Baba alinitazama. Kisha akavua kapelo ya kampuni, akaiweka mezani, na kippa yake nyeusi ikaonekana.

"Basi tufukuzeni sote wawili," alisema.

Hawakunifukuza. Nilirudi darasani siku hiyohiyo na kippa yangu kichwani. Baba naye akaenda kazini hivyohivyo, na huko ndiko walikomfukuza.

Leo nafundisha chuoni Braamfontein, na basini wengine hunitukana, wengine hunicheka kwamba naigiza Uyahudi. Marafiki wanaonipenda wananishauri niweke kapelo juu, siku hizi hali si nzuri. Nawaelewa. Lakini mimi nina makaratasi, nina nyumba, nina mshahara. Baba alikuwa na ile kazi tu, akaitoa. Nijifiche kwa sababu gani mimi?