Ngoma Aliyonyimwa Inès

Nilishuka La Rochelle mwaka 2012 bila kuujua mtaa, nikafuata mlio wa ngoma za chuma hadi uwanjani, ambako watu wa kisiwa cha Trinidad walikuwa wakicheza kanivali yao. Pembeni alisimama Balthazar, mlinzi kutoka Burundi, na ngoma ya mti kichwani.

"Yule anayepiga mbele ni binti yangu, Inès," aliniambia. "Kwetu mwanamke hapigi ngoma. Alinililia miaka sita, nikakataa. Wageni ndio waliomfundisha."

"Si umwite?"

"Nimwite kwa mdomo upi, ndugu yangu?"

Akaitua ngoma kando ya mkoba wa Inès, akalaza fimbo zake mbili juu yake.

"Mwambie ni yake."

Akaenda zamu yake, kichwa kitupu. Mimi nikabaki kuilinda.