Fulana ya Asia Ilichapwa Kifuani

Bi Saumu wa Kasingirima, Ujiji, hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa. Muuza samaki akimwambia migebuka imevuliwa alfajiri, atafunua mashavu ya samaki aone wekundu. Mwezi ukitangazwa umeandama, atatoka uani akautafute mwenyewe. "Siamini mpaka nione kwa macho yangu," ndilo lilikuwa neno lake, na majirani walimtania nalo mpaka wakachoka.

Kazi yake ilikuwa kuchapa fulana. Aliirithi kwa marehemu mumewe, Nuhu, mchoraji wa majina ya maboti aliyetengeneza fremu ya mbao yenye kitambaa chepesi akaanza kuchapa za maulidi, za harusi na za kampeni. Nuhu alipofariki, watu walidhani fremu itauzwa. Saumu aliiosha, akakoroga wino, akaendelea. Tena akampita mumewe kwa mbali, maana Nuhu alijua kuchora lakini Saumu alijua watu.

"Picha haiwekwi palipo na nafasi," alikuwa akisema. "Inawekwa panapoonekana." Wanawake wanaonyonyesha aliwachapia kifuani, kwa sababu mgongo ni wa mbeleko. Wavuvi aliwachapia mgongoni, kwa sababu kifua kinakumbatia nyavu. Tumboni hakumchapia mtu tena tangu alipouona uso wa mgombea mmoja wa udiwani umevutika juu ya kitambi cha mpiga debe wake kama mtu mwenye matubwitubwi. Kipimo chake kilikuwa vidole vinne chini ya shingo ya fulana, mbele na nyuma. Na kwa kuwa shingo ya mbele hukatwa chini zaidi, picha ya kifuani hukaa chini kidogo kuliko ya mgongoni. Wateja hawakuliona hilo. Saumu aliliona mtu akiwa ng'ambo ya barabara.

Alikuwa na binti mmoja, Asia, ambaye hakumzaa. Mwaka 1993, Burundi ilipowaka moto na maboti yakashusha watu Kibirizi, alimkuta ufukweni mtoto wa miaka minane hivi, peke yake, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Alisema anaitwa Diana. Saumu alirudi pale siku tatu mfululizo kumsubiri mtu wake, hakutokea mtu. Siku ya nne akamchukua nyumbani, akampa jina la Asia, na kila aliyeuliza akaambiwa ni mtoto wa ndugu. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ukanyamaza.

Lakini Asia hakuwa na karatasi. Miaka ile asiye na karatasi hakupita Mwandiga, kwa kuwa pale kwenye kizuizi cha barabara ya kutoka mjini askari walishusha abiria mmoja mmoja, na aliyeshindwa kujieleza alipelekwa kambini. Kwa hiyo binti alikua, akatimiza miaka kumi na minane, na Mwandiga alikuwa akiisikia tu.

Mwezi wa sita mwaka 2003 akaja kijana mmoja nadhifu, Martini, mfanyakazi wa shirika lililohudumia wakimbizi. Alitaka fulana sitini za Siku ya Wakimbizi. Wachezaji ngoma wa Ujiji wangepanda lori asubuhi, wakacheze na wenzao kambini, warudi jioni. Mchoro ulikuwa mikono miwili imeshikana.

"Shikamoo, mama. Naomba mchoro uwe mkubwa, juu kabisa mgongoni."

"Marahaba. Wacheza ngoma wanatazamwa usoni, baba. Kwa nini mgongoni?"

"Ili askari waone kwa urahisi."

Saumu aliacha kukoroga wino. Askari waone nini? Ng'ombe ndiye hupigwa chapa mgongoni, ajulikane ni wa nani akitoroka. Akamtazama kijana yule vizuri, akaona hamtazami yeye. Alikuwa akiutazama mkono wa Asia, palipo na kovu.

"Dada, unaitwa nani?"

"Asia."

"Hujawahi kuitwa jina jingine?"

"Anaitwa Asia bila nyongeza," Saumu alimkata. "Fulana zako njoo Alhamisi."

Martini alitabasamu kwa haya. Akaaga, lakini mlangoni akageuka. "Mchapie na yeye moja, mama. Nafasi kwenye lori ipo."

Tangu hapo Saumu hakulala vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na hii nguo nitaichapa kwa mkono wangu mwenyewe! Jumatano Asia akarudi kutoka bombani, ndoo imejaa nusu.

"Mama, nimekutana na yule kaka. Anasema kambini kuna mama anamuuliza kila mtu wa Ujiji habari za binti mwenye kovu la moto mkononi. Anamwita Diana."

"Uongo! Kovu ameliona hapa hapa, na jina kampa mtu wa mtaani. Hivyo ndivyo watu wanavyovutwa."

"Huenda ni uongo. Lakini nitakwenda."

"Na ukizuiwa usirudi?"

Asia hakuwa amewahi kumkaidi mama yake, na sasa alisimama pale na ndoo yake, machozi yakimtoka, wala hakurudi nyuma. Saumu alihisi uchungu ambao hakutaka kuutaja. Askari walimtisha, ndiyo. Ila aliyemtisha zaidi ni huyo mama wa kambini, kama kweli yupo.

"Haya, nenda," alisema mwishowe. "Lakini fulana yako nitaichapa kifuani. Mwanangu hawekwi alama mgongoni."

Akachapa sitini nyuma, na moja mbele.

Siku yenyewe, lori lilipoondoka Ujiji, Saumu alikuwa ameshatangulia Mwandiga kwa gari la kwanza. Hakwenda kuaga. Alikwenda kuona kwa macho yake. Alisimama kwa muuza ndizi, hatua chache kabla ya kizuizi, na mbele yake magari yalikuwa yamepanga foleni. Lori lingine la shirika lile, lililobeba wachezaji wa kwingine wenye fulana za mchoro uleule, lilikuwa limefikiwa na zamu yake. Abiria walikaa kwenye mabenchi ya pembeni, wametazamana, migongo kwa nje. Askari akalizunguka akitazama ile mikono iliyoshikana ikichungulia juu ya ubao wa lori, mgongo kwa mgongo, kisha akapunga mkono. Kamba ikashushwa. Hakushuka mtu, hakuulizwa mtu karatasi.

Saumu alielewa yote kwa mara moja. Fulana ndiyo ilikuwa karatasi. Na mtu pekee ambaye mgongo wake ungekuwa mtupu ni yule ambaye hakuwa na karatasi nyingine.

Lori la Ujiji lilikuwa la tatu kwenye foleni. Alikimbia, kanga ikamdondoka, hakuiokota.

"Asia! Geuza fulana! Nyuma mbele, haraka!"

Wanawake wakamziba binti kwa kanga zao. Alipokaa tena, picha ilikuwa mgongoni, imeshuka vidole viwili kuliko za wenzake, na shingo ya fulana ilimkaba koo. Askari akazunguka, akatazama, akapunga mkono. Asia akapita Mwandiga, na aliyempitisha ni Saumu mwenyewe. Aliketi chini kando ya muuza ndizi akalia waziwazi.

Jioni alikuwa barazani kwake lori lilipofika mwisho wa mtaa. Jua lilikuwa bado lipo. Watu walishuka wakiwa wamempa mgongo, na yeye akatazama picha moja moja: ya juu, ya juu, ya juu. Kisha akaiona ile iliyoshuka vidole viwili.

"Alhamdulillahi! Asia!"

Mwenye fulana aligeuka. Hakuwa Asia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye macho ya Asia na kidevu cha Asia, na alikuja polepole mpaka barazani.

"Amahoro, dada," alisalimia kwa Kirundi, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha kutafuta maneno. "Mimi ni mama wa Diana."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Amelala kwangu. Lori linarudi kambini kesho kutwa kuchukua maturubai. Mimi nitakwenda nalo nimpe fulana, yeye atakuja nalo. Fulana ni moja." Akaivuta shingo ya fulana. "Nilitaka kumtuma na salamu tu. Akasema, mama wa Ujiji haamini mpaka aone kwa macho yake. Basi nimekuja unione."

Saumu alifungua mdomo aulize: na asiporudi je? Akalimeza swali. Mwanamke huyu alikuwa amemwacha mtoto aliyemtafuta miaka kumi, amempata mchana huu, na ametumia usiku wao wa kwanza kuja kuonekana.

Alimtazama. Shingo ya fulana ilikuwa imemkaba, imeacha mstari mwekundu kooni.

"Ingia ndani, dada," alisema. "Uigeuze hiyo fulana, inakuumiza."

"Na askari?"

"Hapa ni kwangu. Hapa hakuna atakayekutazama mgongo."