Sinia Moja, Picha Nusu

Farida binti Nassoro alikata picha. Tulikuwemo watu watatu, mimi, baba yake na Conceicao, tukila sinia moja. Alimtoa baba yake, akatubakiza sisi wawili, akaituma kwenye kundi la simu la kijiji na maneno haya: "Baraza limekula kuku." Hivyo ndivyo mimi, Hadija Mchopa, nilivyofanywa mla rushwa mbele ya watu mia mbili.

Mimi sikusoma. Nilizaliwa hapa, mwendo wa baiskeli kutoka Mahurunga, na mashamba ya huku nayajua kwa miguu. Mkutano mkuu wa kijiji uliponiingiza kwenye baraza la ardhi, miaka tisa iliyopita, hakuna aliyeuliza cheti. Tulikuwa saba. Hatukuwa na askari wala pingu. Tukisema mpaka unapita hapa, ulipita hapa kwa sababu watu walituamini, basi.

Shauri la Nassoro na Conceicao lilihusu mikorosho minne. Conceicao ni mjane. Wakwe zake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya kwao, wakapewa kipande cha shamba na babu yake Nassoro. Sasa Nassoro alisema mikorosho iko upande wake. Wazee walipogawana ardhi walifukia makaa mpakani, kwa kuwa makaa hayaozi. Tukampa Nassoro jembe achimbe mwenyewe. Alichimba mara tatu, patupu. Mara ya nne akachimba pale alipoonyesha Conceicao, na udongo ukatoka mweusi.

Nassoro aliutazama, akacheka. "Babu yangu mwenyewe amemtolea yeye ushahidi!"

Siku ileile tukala, nyumbani kwa Nassoro. Ndiyo desturi. Mpaka ukishasemwa, walioshindana hula sinia moja na mjumbe mmoja wa baraza ili mtu asirudi kwake na kinyongo. Mchele ulitoka kwa Nassoro. Kuku alitoka kwa Conceicao, na kwa kuwa Conceicao ni Mkristo, aliyemchinja ni Nassoro, sisi Waislamu tupate kula. Nassoro ni Myao, mtani wangu. Nilipogusa paja alinichapa mkono.

"Mmakonde, acha hilo! Umeshinda umekaa, aliyeshika jembe ni mimi."

"Mikorosho umekosa, na paja utalikosa," nikamjibu.

Conceicao alicheka mpaka akapaliwa. Farida alikuwa mlangoni na simu yake. Nilidhani anapiga picha ya furaha.

Siku ya tatu nilipeleka makopa ya muhogo mashineni. Wanawake wote wakanipa mgongo. Jirani yangu Veronika akanivuta nje, akaniwekea simu machoni. Picha haihitaji shule. Nilijiona nimeshika paja, Conceicao kinywa wazi kwa kicheko, na pembeni vidole vya mtu aliyekatwa.

"Wanasemaje?"

"Dada, bora nisisome."

"Soma, Veronika."

Akasoma. Mla kuku huyo. Wa ng'ambo ya Ruvuma wananunua baraza letu. Kijiji, kata, wilaya, wote ni walewale. Aliyeandika hilo la ng'ambo, mpaka wake niliutafuta mimi siku mbili kwenye mvua.

Nilikwenda kwa Nassoro. Alikuwa anaanika korosho.

"Mtani, sema tu kwamba na wewe ulikula."

"Yule ni mwanangu. Nikisema, nimemwita mwongo mbele ya kijiji."

"Na mimi je?"

Akaendelea kugeuza korosho zake.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliniwekea kiti, akafunga mlango. "Bi Hadija, mambo ya simu yatapita. Uchaguzi uko mlangoni. Nikiitisha mkutano wa kukusafisha, watasema na mimi nimekula, na chama kitanikata."

Hayakupita. Wiki chache baadaye Mudi na Gaudensi, vijana waliopakana mashamba, wakaanza kugombania mstari wa mkonge wa mpakani. Tukawaita. Mudi alikuja. Gaudensi alituma jibu: "Waambieni mimi sina kuku." Tukamwita tena, hakuja. Safari hiyo na Mudi akasimama aondoke.

"Mama, mimi nakuheshimu," aliniambia. "Lakini hata mkinipa haki yangu, nani ataikubali?"

Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Asubuhi moja, watu wakiokota korosho, nikasikia ukelele upande wa mkonge. Nilikimbia na khanga moja. Niliwakuta Mudi na Gaudensi wamesimama, huyu huku, huyu kule, kila mmoja na panga. Waokotaji wamejaa pembeni, wawili wameinua simu. Nikaingia katikati. Nilikwisha kusimama katikati ya watu wenye hasira mara nyingi, na walikuwa wakishusha mikono.

"Gaudensi, mwanangu, weka panga chini."

"Kwani wewe nani?"

"Baraza."

"Baraza gani?"

Mtu mmoja pembeni akacheka. Gaudensi akanisukuma kwa mkono wa kushoto, nikaanguka juu ya mkonge, na panga likapita juu yangu. Mudi aliinua mkono kujikinga. Vidole viwili vilibaki pale chini, kwenye korosho.

Gaudensi yuko mahabusu. Mudi hashiki jembe. Baraza halijakaa tena, na mwenye ugomvi wa mpaka siku hizi hunoa kwanza.

Vidole vya Mudi hakuna wa kuvilipa, hivyo sivitaji. Nataja vinavyolipika. Farida anadaiwa picha nzima, aiweke kwenye kundi lilelile, waione watu walewale. Nassoro anadaiwa neno moja: nilikula. Na mwenyekiti anadaiwa mkutano, mchana kweupe, mimi nikiwepo. Uchaguzi ulishapita, na alishinda. Mkutano hajauitisha.